Glovu za Kikundi cha Kalembela

Mvaa glovu hajui kaponda nyuki.

Methali hii mmeisikia leo kisimani, mama mmoja akimwambia diwani, mkaja nayo nyumbani, na tangu mmekaa hapa kumenya karanga mnabishana ilitoka wapi. Nyamizi anasema ni ya wahenga. Sada anasema wahenga hawakuwa na glovu. Sada yuko sahihi. Msemo huu haujafikisha hata miaka ishirini, na ulizaliwa hapa hapa Kalembela, kwa namna nitakayowaeleza. Aliyevaa glovu alikuwa mimi. Nalisema mapema ili msianze kumtafuta mtu mbaya katikati ya hadithi. Endeleeni kumenya.

Nilifika kijiji hiki nikiwa na mume aliyelima tumbaku, mimba yako wewe Nyamizi, na stashahada ya ufugaji nyuki. Katika hivyo vitatu, stashahada ndiyo pekee iliyokuwa haijaanza kunichosha. Kazi ya ofisini sikuipata. Lakini nilikuta kinamama wanane wakiwa na masanduku kumi ya nyuki waliyoachiwa na mradi mmoja uliopita na kwenda zake. Masanduku yalikuwa yamekaa msituni mwaka mzima, mawili yana mchwa, moja limechukuliwa kijijini likageuzwa kiota cha kuku. Waliposikia nimesomea nyuki walikuja nyumbani wote wanane, wakakaa mkekani, wakasema, "Tufundishe." Nikawa wa tisa, na tangu siku hiyo nikaitwa Mwalimu.

Nyinyi mmezaliwa mkiyakuta masanduku, kwa hiyo hamjui yalikuwa na maana gani kwa mwanamke wa hapa. Mzinga wa zamani ni wa gome la mti, unatundikwa juu kabisa. Ukitaka asali unapanda na kienge cha moto. Mwanamke hakupanda. Alikaa chini, akashika kamba, akapokea ndoo ikishuka. Sanduku halitaki kupanda. Linakaa kwenye kichanja, usawa wa kiuno, na miguu ya kichanja inapakwa grisi ili siafu wasipite. Unafungua mfuniko, unatoa fremu moja moja, kila fremu ina sega lake, unaliona limejaa asali au limejaa majana, yaani watoto wa nyuki. Lililo lako unachukua, lililo lao unarudisha.

Pamoja na masanduku, mradi uliacha vifaa. Bomba la moshi lenye mvukuto. Patasi ya kubandulia fremu, maana nyuki huzigundisha kwa gundi yao. Brashi laini. Mashine ya kukamulia asali. Na vazi la kinga: ovaroli nyeupe, kofia yenye wavu, mabuti, na glovu za ngozi zilizofika kwenye viwiko. Vazi lilikuwa moja. Wanawake tulikuwa tisa.

Suala la nani alivae halikuchukua hata dakika. Mimi ndiye niliyesoma, na mimi ndiye niliyekuwa na mimba. Walinivika wenyewe, wakacheka tumbo lilivyobana kwenye zipu. Tausi, ambaye mnamjua kwa mdomo wake, alisema, "Sasa humo ndani mko wawili na bado mmelindwa kuliko sisi wanane huku nje."

Kila mtu alipata kazi yake. Wengine walikaa mbali na ndoo. Wengine walisafisha mashine nyumbani. Aliyeshika bomba la moshi, na huyo lazima asimame karibu nami, kiasi cha kugusana bega, alikuwa Mama Kapaya.

Mama Kapaya wakati huo alikuwa na miaka hamsini na kidogo. Baba yake alikuwa mrina asali, na yeye alikuwa mtoto pekee, kwa hiyo alifuatana na baba yake msituni tangu akiwa mdogo. Miaka yote hiyo alisimama chini ya mti. Alijua nyuki kwa sikio, alijua kwa harufu, akisikia mvumo tu alikwambia kundi hili lina malkia au halina. Ila mikono yake haikuwahi kushika sega likiwa bado na nyuki wake. Baba alikufa, mizinga ikaenda kwa ndugu zake wa kiume. Masanduku yalipokuja alijiunga wa kwanza. Alichokitaka kilikuwa kimoja na hakukificha: kufungua mzinga kwa mikono yake mwenyewe kabla hajazeeka.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, na mimi nitavaa lini?"

Nikamwambia, "Wakati mwingine, Mama Kapaya. Leo tuone kwanza."

Akasema sawa. Akavaa koti la marehemu mumewe, akajifunga kipande cha chandarua kwenye kofia, mikono akaiacha mitupu kwa sababu mvukuto hauendi vizuri ukiwa umejifunga matambara. Alijaza bomba kinyesi kikavu cha ng'ombe na maganda ya miyombo. Moshi wake ulikuwa mzuri kuliko wa chuoni kwetu, mweupe, wa baridi, hauunguzi mabawa. Tulikagua masanduku saba jioni hiyo na hakuna aliyeumwa zaidi ya mara mbili.

Sasa niwaambie nilivyokuwa. Nilikuwa naamka alfajiri, nabeba maji, nalisha watu, nakwenda shamba la tumbaku, saa kumi jioni navaa ovaroli. Baadaye ukaja wewe, Nyamizi, ukawa huna usingizi. Mtu aliyechoka ana mikono ya haraka. Anataka kumaliza. Nilikuwa natoa fremu, natazama, narudisha, nasukuma, naweka mfuniko, twende linalofuata. Jioni moja Mama Kapaya akanigusa bega.

"Mwalimu, polepole. Unarudisha fremu kama mtu anayefunga mlango wa watu aliogombana nao."

"Yamebaki masanduku manne na jua linazama. Puliza."

"Unawaponda."

"Sijaponda kitu. Ningejua."

Akapuliza.

Nilisema ningejua, na niliamini. Mkono wangu ulikuwa ndani ya ngozi nene kama kiatu. Nilihisi mbao ya fremu, nilihisi uzito. Nyuki mmoja kati ya kidole na mbao hana uzito. Hata kumi hawana.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri. Ya pili nyuki wakaanza kuwa wakali. Kabla sijainua hata fremu moja walikuwa wamenirukia mikononi, wakipiga ngozi kama mvua ya mawe, na wakishindwa kupenya waligeuka. Wakigeuka, aliyekuwepo hapo pembeni ni mmoja. Mama Kapaya aliumwa mara sita. Wenye ndoo wakakimbia, Tausi akapoteza kandambili moja ambayo mpaka leo anasema nyuki ndio walioichukua.

Tulikaa kikao kesho yake. Nilikuwa na mtoto wa kunyonya na sikuwa na subira. Nikasema, "Tatizo ni moshi. Nyuki hawapati moshi wa kutosha."

Mama Kapaya akasema, "Moshi wangu ni ule ule."

"Basi nyuki ndio wamebadilika?"

"Labda na wao wamepata stashahada," alisema Tausi, na wote wakacheka, hata mimi.

Mama Kapaya hakucheka. Akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, jana ulipofungua lile la pili nilinusa ndizi. Ndizi mbivu. Hapakuwa na ndizi."

"Ulikuwa na njaa," nikasema. Wakacheka tena.

Acheni karanga kidogo mnisikilize. Nyuki akipondwa, au akiacha mwiba wake mahali, anatoa harufu. Kwa nyuki wenzake harufu hiyo ni mbiu: adui yuko hapa, njooni. Kwa pua ya binadamu inanukia kama ndizi iliyoiva sana. Hili si jambo la siri. Nilifundishwa chuoni, likatoka kwenye mtihani wa mwisho, nikalijibu, nikapata alama zote. Mwanamke asiyewahi kuingia chuo chochote aliniletea jibu hilo mpaka mlangoni pangu, nami nikasikia neno ndizi nikafikiria chakula. Pua yangu mwenyewe ilikuwa nyuma ya wavu, imejaa moshi. Na kichwa changu kilikuwa kimejaa mambo ya kupika nini usiku.

Kulikuwa na jambo la pili baya kuliko hilo. Chuoni tulifundishwa pia kufua vazi lote baada ya kila kazi, kwa sababu harufu ile hubaki kwenye nguo. Ovaroli nilifua. Glovu sikufua. Ngozi ukiilowesha inakauka inakuwa ngumu kama ganda la mti, halafu lazima uipake mafuta, uikunjekunje, uianike kivulini, na maji ya kufanyia yote hayo nilitakiwa kuyabeba kichwani mwenyewe kutoka kisima hicho hicho mlikotoka leo. Nikazitundika kwenye msumari stoo. Kwa hiyo kila nilipofungua sanduku nilikuwa nawapelekea nyuki mbiu ya mavuno yaliyopita, imekauka kwenye viganja vyangu, kabla hata sijamponda wa siku hiyo. Nami nasema moshi.

Mavuno ya tatu Mama Kapaya aliumwa shingoni na usoni. Kesho yake macho yalikuwa hayafunguki. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa barazani, kitambaa cha maji usoni.

"Safari hii sumu imenishuka mpaka kooni," alisema. "Viganja viliniwasha, halafu koo likabana kidogo, halafu likaachia. Zamani nilikuwa naumwa navimba pale pale tu. Sasa mwili unavimba hata pasipoumwa."

"Mwili unazoea," nikamwambia. "Kila mfugaji hupitia hapo."

Hilo pia nilifundishwa, na ni kweli kwa watu wengi. Kuna wachache ambao mwili hauzoei, unazidi kukataa. Nilifundishwa hilo pia, ukurasa huo huo.

"Labda mavuno yajayo nivae mimi lile vazi," alisema. "Wewe unielekeze ukiwa mbali. Nione hata fremu moja."

Sikuwa na nia mbaya. Niliona tu kazi itakwenda mara mbili ya muda wake, mtu asiyewahi kushika patasi, masanduku saba, mtoto nyumbani analia. Nikasema maneno ambayo ningelipa kuyarudisha kinywani. Nikasema, "Mama Kapaya, kama umechoka kazi sema tutafute mwingine wa kushika bomba. Lakini mtoto wa mrina asali kulia kwa sababu ya miiba mitano, watu watashangaa."

Aligeuza uso kwangu. Alikuwa haoni, kwa hiyo sikujua ananitazama au hanitazami. Akasema, "Nitakuja."

Alikuja. Ilikuwa mwezi wa sita, asali imejaa, saa kumi na moja jioni. Alikuwa amevaa koti lile lile na chandarua kile kile. Tulianza na sanduku lililo karibu na mninga uliopasuliwa na radi. Akapuliza mlangoni mara tatu, tukasubiri. Nikabandua mfuniko. Nyuki walikuja moja kwa moja kwenye mikono yangu, safari hii wengi, na mvumo wao ulikuwa umepanda.

"Mwalimu, funga," alisema. "Hawa si wa leo. Tufunge tuondoke."

"Fremu tatu tu. Moshi."

Akapuliza. Nikatoa ya kwanza, nikaipiga brashi, nikaiweka ndooni. Nikatoa ya pili. Niliporudisha iliyokuwa na majana nikaisukuma kwa kiganja ikakaa. Nikasema, "Moshi." Moshi haukuja. Nikasema tena, "Moshi, Mama Kapaya," kwa ukali, bila kugeuka, kwa sababu nilikuwa nimeshika fremu ya tatu na ilikuwa nzito na nzuri.

Moshi haukuja. Nikageuka nikiwa na neno mdomoni la kumgombeza.

Alikuwa ameketi chini, ameegemea kichanja, bomba liko mapajani linafuka taratibu. Alikuwa amevua chandarua ili apate hewa. Midomo ilikuwa imevimba mpaka sikuitambua, na pumzi ilikuwa inapita kwa shida, inapiga mluzi. Hakuwa amepiga kelele hata moja. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni ndefu.

Niliacha fremu ikaanguka. Nilimshika makwapani nikamkokota mpaka vichakani, mbali na masanduku, nikawaita wenzangu. Shingoni alikuwa na miiba, ile myeusi midogo, bado inasukuma sumu. Nikajaribu kuiparua nikashindwa. Vidole vya glovu ni vinene, vinateleza juu ya mwiba, vinauzamisha zaidi. Nikazivua. Nilipoivua ya kulia ikageuka ikanionyesha kiganja.

Ngozi haikuonekana. Kulikuwa na miiba mingi sana, na nyuki waliobonyezwa wakawa kama unga, mabawa yao yameganda kwenye mikunjo ya vidole, wengine wa leo na bado wabichi, wengine wa zamani, wameshakauka na kuwa vumbi. Na harufu ikanipiga usoni. Ndizi mbivu. Kama niko sokoni.

Nilikwangua miiba kwa kucha, kumi na mmoja, nikaihesabu bila sababu. Tausi alishafika na baiskeli ya shemeji yake. Tulimweka kwenye keria, mmoja akaendesha, wawili tukamshika huku na huku, tukakimbia kilomita nne mpaka zahanati. Mimi nilikimbia na ovaroli na mabuti. Njiani Tausi, ambaye hajawahi kunyamaza maishani mwake, hakusema kitu. Mara moja tu alisema, "Anapumua?" nikasema anapumua, ingawa sikuwa na hakika.

Tabibu wa zahanati alimchoma sindano ya paja kabla hatujamaliza kumshusha. Akasubiri, akamchoma nyingine. Akamwekea dripu. Baada ya muda ule mluzi ukapungua, kisha ukaisha, na sote tukakaa chini palepale sakafuni.

Tabibu alituita nje. Alikuwa kijana na alisema wazi, nami nilimshukuru kwa hilo. "Ataishi," alisema. "Ila mwili wake sasa hautaki sumu ya nyuki hata kidogo. Mara nyingine haitahitajika miiba kumi. Utatosha mmoja, na zahanati itakuwa mbali. Asikaribie mzinga tena. Si kwa vazi, si kwa moshi. Asikaribie."

Tausi akasema, "Nani atamwambia?"

Kila mtu akanitazama mimi.

Nilimwambia asubuhi. Uvimbe ulikuwa umeshuka kidogo na alikuwa anakunywa uji kwa kijiko. Nilijipanga kuanza na pole, kisha nieleze mambo ya glovu na harufu na jinsi yalivyotokea. Nikaanza na alichosema tabibu, kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa, na nilimaliza upesi.

Aliweka kijiko. Akauliza, "Hata fremu moja?"

"Hata moja."

"Hata nikivaa lile vazi?"

"Hata ukilivaa."

Alitazama mikono yake juu ya shuka. Ilikuwa bado imevimba. Akaitazama muda mrefu, kisha akaiweka chini ya kanga.

Nikasema, "Mama Kapaya, sikujua. Ulinieleza habari ya ndizi na sikujua. Nilikuwa nawaponda kila siku na sikuhisi hata mmoja. Wangeniuma mimi ningejua siku ya kwanza."

Nilitaka akasirike. Nilikuwa tayari kwa matusi, ningeyapokea nikaenda nayo nyumbani. Alikuwa amechoka mno, hata kukasirika hakuweza. Alilaza kichwa ukutani, akafumba macho, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Ungejuaje, mwanangu? Mvaa glovu hajui kaponda nyuki. Anayejua ni wa pembeni."

Tausi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliyasikia, na Tausi akisikia, kijiji kimesikia. Ndani ya mwezi mmoja maneno yalikuwa yanazunguka. Mwenyekiti alipopanga siku za mgawo wa maji, na kwake ana pampu, aliambiwa. Shemeji yangu aliyewapangia wanawe kazi za shamba naye akilala, aliambiwa. Wakakata kipande cha mwisho, cha wa pembeni, wakabaki na cha mwanzo, na ndicho kilichosafiri. Miaka michache baadaye nilikuwa mnadani, kijiji cha tatu kutoka hapa, mwanamke nisiyemjua akanieleza mambo ya bosi wake, akamaliza kwa msemo huo, akaniuliza kama nimewahi kuusikia. Nikamwambia nimewahi.

Mnauliza tulifanya nini baadaye. Tulishona vazi la pili. Magunia ya unga mawili, wavu wa chandarua kipya, mpira wa kiunoni. Tausi na mimi, kwa mkono, siku mbili. Siku mbili tu, Sada. Ningeweza kulishona kabla ya mavuno ya kwanza. Sikulishona kwa sababu mimi nilikuwa na la kwangu, na mtu mwenye la kwake haoni haraka.

Glovu zile nilizichoma. Siku hizi nikifungua sanduku naanza kwa mikono mitupu, ndiyo maana mnaiona hivi ilivyo. Wakiniuma nasimama, natafuta kosa langu. Wakitulia naendelea. Nyuki wetu ni wapole sana. Daima walikuwa wapole.

Mama Kapaya anakaa pale pale kwake. Hafiki hata kwenye njia inayopita karibu na manzuki, pale penye masanduku; akienda shambani anazunguka kwa nyuma, robo saa zaidi kila siku, miaka yote hii, na mguu wake mmojawapo sasa ni mbovu. Kila mavuno nampelekea bakuli la kwanza. Analionja, anasema ni ya miyombo au ni ya maua ya alizeti ya watu, na hakosei.

Mwaka ule wa kwanza nilipoanza kufanya kazi bila glovu nilimpelekea bakuli lake, akalipokea, akaliweka chini bila kulionja. Akasema, "Kaa kidogo, Mwalimu." Nikakaa. Akauliza, "Wanakuwaje vidoleni?"

Sikuelewa. Nikasema, "Nani?"

"Nyuki. Ukishika fremu imejaa. Wanakuwaje?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa sababu nilijua hilo ndilo pekee nililobakiwa nalo la kumpa. Nikamwambia wana joto, joto zaidi ya unavyodhani. Nikamwambia mtetemo unaingia kwenye mifupa ya kidole kabla haujafika sikioni. Nikamwambia ukiweka kidole polepole hawakimbii, wanasogea, wanakupa nafasi, na kila mguu wao unausikia kwenye ngozi, mdogo, kama mtu anakuhesabu. Nikamwambia ukiwa na pupa unamsikia mmoja chini ya kidole anavyojikaza, na hapo mkono unaacha wenyewe, hauhitaji kufundishwa.

Alisikiliza na mikono yake miwili imefunguka mapajani. Nilipomaliza akasema, "Haya," na akaniomba nianze tena toka mwanzo, polepole.

Basi hivyo ndivyo. Msemo mmeshaujua, na aliyeusema mmemjua, na aliyesababisha usemwe mnakaa naye nyumba moja. Mtakua, mtapata vyeo, au mtapata tu mtu wa kumtuma. Mkiona kazi inawaendea vizuri, hakuna kinachowauma, msifurahi haraka. Mtazameni anayewashikia moshi.

Mvaa glovu hajui kaponda nyuki.